Diski Isiyomsalimia Bibi

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chapuchapu alikwenda kumsaidia shangazi yake katika duka la kuchapa na kutoa nakala. Jina hilo alipewa na wateja kwa wepesi wa vidole vyake.

Dukani kulikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya. Ya nne, kuukuu, ilikaa pembeni peke yake. Waliiita Bibi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukagua virusi. Fleshi au diski yoyote kutoka nje ilipaswa kumsalimia Bibi kwanza.

Siku hiyo Shangazi alikuwa ametoka alipofika muuzaji wa printa, shingoni tai nyekundu. Aliacha printa mpya na diski ya programu yake, ikiwa ndani ya nailoni yenye lakiri ya kampuni.

"Shangazi akirudi, aikute printa inafanya kazi," Chapuchapu alijiambia. Bibi naye, mwendo wake wa konokono! Tena diski yenyewe haijaguswa na mtu. Akairarua nailoni, akaitia diski kwenye kompyuta ya kaunta. Printa ikaitika.

Punde akaingia Mwanachuo, mteja wao wa siku zote, kuchapisha ripoti yake. Fleshi yake ilimsalimia Bibi, ikaonekana safi. Lakini ilipochomekwa kwenye kompyuta ya kaunta, mafaili yote yakatoweka machoni pake.

Shangazi alirejea wakati huohuo. Alikagua kompyuta zote tatu. Mafaili ya duka nayo hayakuonekana hata kwenye moja.

"Wewe kijana! Fleshi unaichomeka kila kichochoro, sasa umetuletea maradhi!" alimfokea Mwanachuo.

"Mama, naapa, imepita kwa Bibi!"

"Imepita wapi! Ichukue, na hapa usikanyage tena."

"Ripoti ni ya kesho, Mama. Nisipoipeleka, sihitimu." Mwanachuo alisihi.

Chapuchapu aliitazama nailoni ndani ya pipa la taka. Akinyamaza, nani atajua?

"Shangazi, si yeye. Fleshi yake niliikagua mwenyewe. Ni mimi. Diski ya printa sikuipitisha kwa Bibi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na lakiri."

Shangazi alimlisha Bibi ile diski. Bibi akaguna, akakohoa, kisha akatoa onyo jekundu. Muuzaji alipopigiwa simu, alikagua kwake, akashika kichwa: kompyuta iliyorekodi diski zao zote ilikuwa na virusi.

"Mwanangu, nisamehe," Shangazi alimwambia Mwanachuo. "Nimekuhukumu kabla ya kukupima."

Kwa bahati, mafaili yalikuwa yamefichwa tu, hayakufutwa. Bibi aliyarudisha taratibu, na ripoti ikachapwa bure.

Wakifunga duka, Shangazi alimshika mpwa wake bega. "Lakiri inakwambia hakuna aliyeufungua mfuko. Haikwambii kama aliyeufunga alikuwa na mikono safi. Kwa hiyo kagua kila kitu, hata cha mwenye tai. Lakini leo umesema kweli kabla hujaulizwa. Bila hivyo, tungemfukuza asiye na kosa na kubaki na ugonjwa ndani."

Kesho yake muuzaji alileta diski nyingine. "Hii mpya kabisa, dada mdogo. Safi!"

"Asante, kaka," alisema Chapuchapu, akimwonyesha pembeni. "Bibi yule pale. Imsalimie kwanza."