Aliyelala Mbele ya Viti

Jua lilikuwa linazama kaka yangu Isihaka aliponituma Mlandege nikachukue picha kwa fundi fremu. Alikuwa anafungua gesti Ipogolo, na picha hiyo aliitaka ukutani, pale mapokezi.

Fundi Liberatus alikuwa ameigeuzia ukutani.

"Ichukue, dada Naima," alisema. "Mimi huyo wa chini siwezi kumtazama."

Niliigeuza. Ilipigwa hapa hapa Iringa, enzi za Wajerumani, karne ya kumi na tisa ikielekea kwisha. Wapagazi wameshindanishwa mbio, mizigo kichwani. Ni picha nzuri, siwezi kukataa. Vumbi lina nuru, na milima ya nyuma imetokeza jiwe kwa jiwe. Kamera iliyotumika ilikuwa ya polepole, aliyetembea aligeuka moshi. Ndiyo maana wakimbiaji hawana nyuso. Waliotulia tu ndio wanaonekana: wazungu wamekaa vitini, glasi mkononi, wanacheka. Na mpagazi mmoja aliyeanguka mbele ya viti, mzigo kando ya kichwa chake. Yeye anaonekana hadi kucha.

Huwa naona tabu kuwahukumu waliokwisha kufa. Nilijaribu kuwatetea: pengine walikuwa vijana, mbali na kwao, wenye hofu. Kisha nikaelewa. Kamera ile ilitaka utulie. Basi kicheko kile walikishikilia. Walikikaza midomoni, mtu akikata roho miguuni pao, ili picha isiharibike.

Chini pameandikwa: Michezo.

Nilimpigia Isihaka nikamsihi asiitundike. Huyu mtu angalau amelala, nilimwambia, tusimfanye pambo. Akasema wageni wanapenda vitu vya kale, niache ualimu wangu.

Nikashika njia ya mkato ya kuteremkia Ipogolo, nikipanga maneno makali ya kumwambia uso kwa uso.

Harufu ndiyo ilitangulia. Jasho la siku nyingi... na ngozi mbichi.

Mwanamume alikuwa amechuchumaa kando ya mzigo.

"Dada," alinong'ona. "Nitwishe."

Sisi hatumpiti mtu ambaye mzigo wake uko chini. Unamtwisha kwanza, maswali baadaye. Nikaegemeza picha kwenye jiwe, nikashika upande wangu, tukanyanyua. Ulikuwa wa baridi, mzito kupita kiasi. Shingo yake ikalia kama kuni kavu.

"Unaenda wapi na giza hili?"

"Wananisubiri."

Akakimbia. Nyuma yake nikasikia miguu mingine, mingi. Kisha, bondeni...

Kicheko.

Pale mapokezi Isihaka alifungua karatasi fundi aliyoifungia picha, akakunja uso.

"Mbona fundi kamfuta yule aliyelala?"

Mbele ya viti palikuwa na vumbi tupu. Kwenye moshi wa wakimbiaji, wa mwisho kabisa, palikuwa na moshi mmoja zaidi.

Zaidi ya miaka mia moja alikuwa amepumzika. Mimi ndiye niliyemwinua.

Nilimweleza Isihaka yote. Nilipandisha sauti kwa kaka yangu mkubwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla. Alinisikiliza, akachukua nyundo.

"Afadhali, mdogo wangu," alisema. "Sasa hakuna maiti. Inapendeza."

Tangu siku hiyo, jua likizama, nasimama kwenye ile njia. Jana nilizisikia pumzi zake zikipita. Nikanyoosha mikono.

"Tua, ndugu yangu. Nitaupokea."

Hakusimama. Jibu lilitokea mbali, kwa sauti iliyokatika:

"Bado wamekaa."

Nikateremka hadi gesti. Chini ya picha Isihaka alikuwa amepanga viti vipya. Wageni walikuwa wamekaa, glasi mkononi, wanacheka. Mwenzao aliyeshika simu aliwaambia:

"Hapo hapo. Msitikisike."