Vikombe Vitatu vya Honorine

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, nyumba ya Honorine ilinukia moshi na samaki. Maporomoko ya Kisangani yalinguruma karibu. Mumewe François alikuwa amerudi kutoka mtoni na kikapu kilichojaa. Lakini Honorine hakutazama samaki. Alitazama kopo lake la utomvu wa papai.

Jana mnunuzi alikuwa ameukataa. "Utomvu huu umekufa," alisema. "Nitarudi Jumamosi. Ukiwa hivi tena, sipiti kwako."

"Bon," François akasema. "Jumamosi akikataa, nakata mipapai yote. Mimi niko na shida ya pahali pa kuanikia mitego."

"Kata kwanza ndevu zako!" Honorine akajibu. Lakini moyo ulimwuma. Mipapai ile kumi na miwili aliipanda mwenyewe, na kuinywesha maji tangu ilipokuwa kimo cha kidole.

Akamwendea jirani, mzee Yakubu, ambaye alimwita tonton, yaani mjomba. Yakubu aliajiriwa kuosha chupa katika maabara ya shamba la utafiti. Kwa kutazama na kuuliza, alijifunza kupima.

"Unaukaushia wapi, mama?"

"Kwenye kichanja cha samaki, juu ya moto. Samaki wetu hawaozi mwezi mzima!"

Yakubu akacheka taratibu, bila dharau. "Samaki amekwisha kufa, haogopi moto. Ndani ya utomvu kuna nguvu inayolainisha nyama. Ng'ambo wanaitumia kutengeneza dawa ya tumbo. Moto mkali unaiua."

"Nguvu haionekani, tonton. Nitajuaje iko ama haiko?"

"Usiniamini mimi. Tutapima."

Kesho yake alfajiri walichanja mapapai mabichi, mikwaruzo myembamba tu. Honorine alitumia mwanzi uliochongwa, kwa maana chuma huufanya utomvu uwe mweusi. Alifunga mikono kwa kitambaa, kwa sababu utomvu huwasha ngozi. Aliukinga kwa sahani ya kioo, akautandaza mwembamba, akaufunika kwa kitambaa chepesi. Jua la siku mbili likaukausha mpaka ukavunjika kama mkate mkavu.

Ijumaa jioni Yakubu akapanga vikombe vitatu. Akakoroga maziwa ya unga kwa maji ya vuguvugu, akavijaza sawasawa. Kikombe cha kwanza hakutia kitu. Cha pili alitia utomvu wa kichanja. Cha tatu, utomvu wa jua. Kipimo kilikuwa kimoja.

"Hicho kitupu ni cha nini?" François akauliza.

"Ni shahidi, papa. Maziwa yakiganda humo, tutajua si kazi ya utomvu."

"Na saa iko wapi?"

"Saa hatuna. Imba wimbo wako wa kasia. Usikimbize, usichelewe."

François akaimba, huku akipiga goti. Ubeti wa tatu haujaisha, kikombe cha tatu kikaganda kama uji uliopoa. Aliimba mpaka mwisho. Viwili vya kwanza vilibaki majimaji.

"Alors!" akasema, mdomo wazi.

"Bado," Yakubu akasema. "Mara moja inaweza kuwa bahati. Turudie."

Wakarudia. Ikawa vilevile.

Jumamosi mnunuzi akafika na maziwa yake na saa yake, akatia utomvu wa jua kikombeni. Kabla hajaitazama saa, François akaanza kuimba.

"Papa huyu ana nini?" mnunuzi akauliza.

"Hiyo ndiyo saa yetu," Honorine akajibu.

Katika ubeti wa tatu mnunuzi akapindua kikombe. Hata tone halikuanguka. Akacheka, akapindua tena. "Mama, nitapita hapa kila Jumamosi!"

Alipoondoka, François akachukua panga na kuelekea kwenye mipapai. Honorine akashtuka.

"Wewe! Unaenda wapi na panga hilo?"

"Kule nyuma, kukata mianzi," François akasema. "Mipapai kumi na miwili, na mama iko na kipande kimoja tu cha kuchanjia?"