Miguu ya Bibi Valeria

Jumamosi ilipopambazuka, Vumilia alifagia ua, akakamua mbuzi, kisha akamchemshia bibi yake chai ya maziwa. Ndizo zilizokuwa kazi zake pale Endabash tangu mama yake alipopata kazi ya upishi katika kambi ya watalii huko Ngorongoro, akawa anarudi mwisho wa mwezi tu. Alimkuta Bibi Valeria kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Ugali wa jana ulikuwa bado kwenye sahani, haujamegwa hata tonge moja.

"Bibi, leo twende wote kwenye sala ya jumuiya," Vumilia alimsihi.

"Nenda wewe. Wakiuliza, waambie miguu inaniuma. Na mama yako usimwambie neno."

Miguu gani jamani? Miguu ya Bibi Valeria ilikuwa mizima kabisa. Kilichokuwa kinauma ni moyo, na Vumilia alikijua chanzo chake.

Kwa miaka thelathini Bibi Valeria ndiye aliyeongoza rozari kila Jumamosi, jumuiya yao ndogo ya Kikatoliki ilipozunguka nyumba kwa nyumba. Siku moja alichanganya, akataja matendo ya uchungu ya rozari mahali pa matendo ya furaha, na watoto wakacheka. Mwenyekiti wao, Mzee Piusi, akasema kwa upole kwamba mama yetu amefanya kazi ya kutosha, sasa apumzike, na Vumilia aongoze kwa kuwa anasoma vizuri. Watu wakapiga makofi. Vumilia naye, tusifichane, kichwa kilimvimba. Hakumtazama bibi yake usoni.

Tangu hapo Bibi hakukanyaga tena jumuiya. Usingizi ulimruka na chakula kikamshinda. Jioni moja alisema polepole, "Hata Mungu amenistaafisha." Sasa siku ya nne ilikuwa imepita bila yeye kula kitu cha maana, na Vumilia aliogopa kumpoteza.

Siku hiyo jumuiya ilikutana nyumbani kwa Sinyati, muuguzi wa zahanati.

"Tumsifu Yesu Kristu," Vumilia alisalimu.

"Milele amina. Bibi anaendeleaje?" Mzee Piusi aliuliza.

"Miguu bado, babu."

Walisali matendo mawili. Kabla ya tendo la tatu, Mzee Piusi aliinua mkono. "Tendo hili tumtolee Bibi Valeria, Mungu amponye miguu. Vumilia, mwombee bibi yako."

Watu waliinamisha vichwa, wakangoja. Vumilia alianza sala, akaikatiza. Kuwadanganya majirani alikwisha kuzoea, lakini kumdanganya Mungu huku ameshika rozari? Machozi yalimtoka.

"Miguu ya Bibi haiumi," alisema. "Hapati usingizi, wala hali chakula. Anasema Mungu amemstaafisha. Ni tangu mlipompumzisha, na mimi nikafurahia kupewa nafasi yake."

Mzee Piusi alivua kofia yake, akaikunja mikononi.

"Tulidhani tunamheshimu," alisema. "Kumbe tumemuumiza. Inukeni, twende kwake."

Rozari ikaachwa katikati, watu wakashika njia. Bibi Valeria aliposikia hatua uani alijaribu kujifunika shuka, lakini Mzee Piusi alikuwa amekwisha kupiga goti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mama. Nilikunyang'anya kazi yako bila hata kukuuliza."

Bibi alimtazama Vumilia kwa hasira, kisha hasira ikamwisha akaanza kulia. "Nitasahau tena, Piusi. Watoto watanicheka."

"Ukisahau nitakukumbusha, Bibi," Vumilia alisema, akampa rozari. "Tumefika tendo la tatu."

Bibi aliipapasa muda mrefu. "Tendo la tatu," alianza kwa sauti ya kukwaruza, "Yesu anazaliwa Betlehemu." Wote wakaitikia, wengine wakiwa wamesimama nje mlangoni kwa kukosa nafasi.

Baada ya sala Sinyati alimkorogea uji, akamngoja anywe hadi nusu bakuli. Kisha akasema, "Jumatatu nitakusubiri zahanati, mama. Huzuni inayokataza kula na kulala huitwa sonona. Ni ugonjwa, wala si upungufu wa imani. Sala inakutia nguvu, na tiba nayo ina kazi yake. Hakuna inayoifukuza nyingine."

Bibi alikubali. Vumilia alipiga magoti mbele yake. "Bibi, nimevunja siri yako."

"Umeivunja, na mwanzo nilikuchukia," Bibi Valeria alijibu. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, nikakufundisha na wewe kunifichia. Hilo lilikuwa kosa langu, mtu mzima. Siku nyingine mzee akikwambia umtunzie siri inayommaliza, usimtii. Mwite mtu."

Alisukuma bakuli mbele kidogo. "Niongezee uji," alisema.