Pole na Kazi, Mama Elia

Sauti ilikuwa na adabu, na hapo ndipo Frida alipopaswa kushtuka, maana katika nyumba ile ya mtaani Bangwe adabu haikuwepo.

"Pole na kazi, mama Elia."

"Ahsante," akajibu, akivua viatu. Kisha akakumbuka kuwa ndani hakuna mtu. Mumewe, Castory, yuko dukani kwake Gungu. Mtoto bado yuko kwa jirani. Harufu ya dagaa waliooza ilitoka nyuma ya pazia la chumbani, na sakafu ilikuwa imelowa.

Frida alikuwa mkunga wa kituo cha afya. Siku hiyo binti mmoja kutoka kijiji cha Simbo alimfia mikononi akijifungua, damu ilikataa kukatika. Mtu akitoka kuzika, hata awe mlevi, hunawa mlangoni na watu humpa pole. Mkunga aliyetoka kufumba macho ya maiti anaulizwa ugali uko wapi. Castory akimwona macho mekundu husema, "Si ndiyo kazi uliyoisomea?" Mganga mfawidhi, Erasto, mkuu wa kituo, alikuwa na dawa moja tu: "Jikaze, sista. Mwenye moyo mwepesi akauze nyanya."

Basi Frida akaketi, akalisimulia pazia.

Likasikiliza vizuri kuliko binadamu. Liliuliza "Halafu?" mahali panapofaa. Alipomaliza, kifua kilikuwa chepesi. Kesho yake akasimulia tena, na pazia likawa linavimba kama tumbo la aliyeshiba. Baada ya wiki chache, wazazi wakilia wodini yeye aliwatazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani. Erasto akamsifu mbele ya wenzake: sasa amekomaa!

Jumamosi mchana alikuwa akimwogesha Elia kwenye beseni. Sauti ikauliza, "Na yule wa mapacha, alikufaje?" na Frida akaanza kueleza, mkono mmoja chini ya shingo ya mtoto, na harufu ya dagaa ikazidi, na pazia likasogea karibu bila upepo, na vidole virefu, vyeupe kama vilivyolala majini siku nyingi, vikatoka chini ya upindo vikashika ukingo wa beseni, naye akaviona, akaendelea kusimulia, na mkono wake ukalegea polepole, na mapovu yakapanda, naye akayatazama akisema kwa utulivu kwamba pacha wa pili naye hakulia.

"Mwana wanje! Mwanangu!" Castory aliruka kutoka mlangoni, akamchomoa mtoto maji yakimtoka puani.

Frida akageuka. "Shh. Sijamaliza."

Castory alikimbilia Ujiji kumleta Bi Mwamini, bibi mtoa majini. Alifika, akanusa, akatema mate.

"Ubani wangu siupotezi hapa. Huyu hakuvunja mlango, kakaribishwa. Anakula machungu ambayo nyie mmeona uvivu kuyasikiliza. Wewe, umewahi kumwambia mkeo pole?"

"Sikujua, bibi."

"Hukujua! Ulidhani anakwenda kukaanga vitumbua? Tandika mkeka, waite wakunga wenzake. Mkae matanga."

Erasto alisikia, akaja kusimama mlangoni akicheka. "Matanga ya wagonjwa! Mimi nimepoteza wengi kuliko nyie wote, na sijawahi kumwambia mtu hata neno."

Nyuma ya pazia, kitu kikaacha kupumua.

"Funga mdomo, baba," Bi Mwamini akanong'ona. "Kinasikia."

Erasto akaondoka bado anacheka.

Wakunga walipokaa mkekani, Castory alimmiminia mkewe maji, naye Frida akanawa mlangoni. Kisha Frida akawataja marehemu wake, na kila jina watu waliitika pole. Alipofika kwa binti wa Simbo akalia, akalia mpaka akamshika Elia kifuani kana kwamba ndiyo kwanza kazaliwa. Pazia likanywea. Nyayo za maji, bila mtu juu yake, zikavuka mkeka zikatoka nje. Hazikwenda ziwani. Zilishika barabara ya kituo cha afya.

Jumatatu asubuhi ofisi ya Erasto ilikuwa imefungwa kwa ndani. Maji yalipita chini ya mlango, na Erasto alisikika akizungumza taratibu, kama mtoto anayesimulia ndoto.

Frida akagonga kwa ngumi zote mbili. "Daktari! Nyamaza! Usimwambie!"

Sauti ya adabu ikamjibu.

"Pole na kazi, mama Elia. Subiri hapo nje. Huyu ana mengi."