Taa Nyekundu kwenye Njia ya Mulungwishi

Pikipiki ilizimika katikati ya njia panda ya soko la Likasi saa moja na nusu asubuhi, saa ambayo taksi-basi zote za mji hutaka kupita mahali pamoja. Honi zikalia, madereva wakatoa vichwa madirishani. Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, tai ameikunja mfukoni, alikuwa akipiga kiki kwa hasira na jasho likimtiririka.

Sephora alikuwa amekuja kununua waya wa kulehemia. Alisimama na ovaroli yake ya buluu, kitambaa cha kitenge cha njano kichwani, akaitazama pikipiki kwanza kabla ya mwenyewe. Ilikuwa ya miaka ya sabini, tangi jeusi lenye mistari myeupe, silinda mbili zimechomoza ubavuni huku na huku. Moyo ulimruka. Marehemu baba yake, msukaji wa mota katika karakana za mtaa wa Panda, alimfundisha umeme tangu akiwa mdogo, lakini kitu cha namna hii hakuwahi kukigusa.

"Papa, acha kiki, utavunja mguu," alisema. "Piga kwanza klakson."

Honi ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa.

"Betri imekufa," Sephora alisema.

"Haiwezekani, Mama! Hii njo ya tatu tangu Pasaka. Bote banasema nunua betri, minanunua betri."

"Basi bote banakudanganya. Betri haina kosa. Tutafute chenye kinakatala kuilisha."

Mwanamume yule akaacha kiki, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha akacheka, na meno yake yakamfanya Sephora asahau bei ya waya.

"Minaitwa Gauthier. Minafundisha hesabu Mulungwishi."

"Minye Sephora. Sukuma, mwalimu. Panda haiko mbali."

Katika karakana yake huko Panda alibandika nyaya mbili za kipimo cha volti kwenye betri nzima ya kwake, akaiunga kwenye pikipiki, wakawasha. "Angalia namba," alisema. "Kama inachaji, itapanda mupaka kumi na nne." Gauthier akaongeza gesi, injini ikanguruma zaidi. Namba haikupanda, ikashuka polepole. Sephora akafungua kifuniko cha mbele, akachomoa vipande viwili vya kaboni vinavyofikisha umeme ndani ya altaneta, mashine inayochaji betri. Vilikuwa vimelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Akaweka vipya, akasugua pete ya shaba mpaka ikang'aa, wakawasha tena.

Kumi na tatu nukta tisa.

Gauthier alipiga kelele hadi majirani wakachungulia, akamkumbatia Sephora, na shati jeupe likapata alama mbili nyeusi za viganja.

Siku hiyo hiyo alimweleza yote. Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake, naye akaapa kutoiachia. Lakini Tonton Germain, ami yake na mkubwa wa ukoo, alikuwa amepata mnunuzi Lubumbashi. Walikuwa wamekubaliana hivi: ikiweza kwenda Mulungwishi na kurudi Jumamosi ya mwisho ya mwezi, itabaki. Ikishindwa, itauzwa.

Kwa wiki mbili zilizofuata simu ya Sephora haikupumzika.

"Docteur, mugonjwa wako amelala vizuri."

"Na mwenye mugonjwa je?"

"Yeye hakulala. Alikuwa anafikiri fundi wake."

"Umeze aspirine, mwalimu."

"Aspirine gani inaponesha ile, chérie ya volti kumi na nne?"

Sephora alicheka peke yake na bisibisi mkononi. Kila jioni Gauthier alipita Panda, eti kupima betri. Alileta karanga za moto, akaketi juu ya tairi kuukuu, wakazungumza mpaka jua likazama.

Jioni moja Sephora aliona taa ndogo nyekundu ya chaji ikichezacheza, inawaka, inafifia. Hakusema. Ijumaa, siku moja kabla ya safari, alinunua balbu mpya ya taa hiyo, akavaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya ubatizo, nywele amesuka upya, akaenda kwa kina Gauthier kumshtukiza.

Kwenye geti alisikia sauti nzito ya mzee.

"Nani alitengeneza ile moto, ile pikipiki ya baba yako? Nilisikia banasema mwanamuke."

"Mwanamuke?" Gauthier akacheka. "Apana, Tonton. Muzee moya wa Panda. Fundi wa zamani sana."

"Afazali."

Sephora hakubisha hodi. Aligeuka na balbu yake mkononi, uso ukiwaka moto. Gauthier alipiga simu mara saba jioni ile. Alipata ujumbe mmoja tu: *Umwite muzee wako.*

Jumamosi, saa nne kasorobo, simu ililia karakanani. Sephora aliiacha. Ikalia tena, akaigeuza kifudifudi. Ya tatu ilipolia akaikumbuka ile taa nyekundu. Akapokea.

Upepo ulivuma kwenye simu, na nyuma yake mzee alikuwa akifoka: "Nilisema! Kesho inaenda Lubumbashi!" Tonton Germain alikuwa amemfuata Gauthier kwa taksi, ashuhudie mwenyewe.

"Sephora, usikate," Gauthier alisema, akihema. "Imezimika mu njia. Tonton iko hapa, nimeweka simu haut-parleur asikie sauti yako. Tonton, sikiliza. Muzee wa Panda haiko. Nilikudanganya yulu ya woga. Fundi njo huyu mwanamuke, na njo yeye minapenda."

Sephora aliweka bisibisi mezani. Alisikia lori likipita huko. Alikuwa na maneno makali aliyoyaandaa usiku kucha, akayaacha yote.

"Zima taa kubwa," alisema. "Acha funguo palepale. Taa nyekundu inawaka?"

"Apana."

"Ya vert, ya kijani, ya point mort, yenye inaonyesha gia haishike?"

"Inawaka kidogo."

"Basi ampoule ya nyekundu imeungua. Ile taa haiko ya urembo, Gauthier. Umeme wa kuamusha alternateur unapita mule. Ikikufa, alternateur inalala, betri inaisha." Akashusha sauti. "Na minye niliyua ile ampoule iko mubaya. Niliona inacheza. Jana nilifika ku mulango yako na ampoule mupya mu mukono, nikasikia maneno yako, nikarudia nayo. Kosa ni ya betu bawili."

"Chérie..."

"Chérie baadaye. Iko na tournevis?"

Hakuwa na bisibisi. Tonton Germain, kwa kunung'unika, akatoa kisu chake kidogo, akashika simu. Sephora aliwaongoza hatua kwa hatua: zima funguo, fungua kifuniko cha taa, toa balbu ya kijani, ni saizi ileile, iweke kwa nyekundu. "Point mort utaisikia na mguu. Sasa mungoje dakika kumi, betri ipumue." Wateja wawili waliokuwa karakanani wakasogea wasikilize, dakika kumi zikapita.

"Sasa washa funguo, musukume mu muteremuko. Papa, saidia!"

Zikasikika hatua, mzee akihema, kisha kishindo, kisha mngurumo.

"Nyekundu inawaka?" Sephora alipiga kelele.

"Inawaka!"

"Ongeza gaz!"

"Imezimika! Sephora, nyekundu imezimika!"

"Njo kuchaji ile! Inachaji!" Akaruka, na wateja wakapiga makofi bila kujua vizuri sababu.

"Sephora," Gauthier alisema juu ya mngurumo, "utakubali nikuoe?"

"Nyamaza weye!" Tonton Germain alifoka. "Ile maneno haisemwi mu njia." Kisha sauti yake ikawa karibu na simu, laini kuliko Sephora alivyotarajia. "Mama, njo Germain. Mikono yako iko na akili. Moto haiuzwe tena. Mama yako iko?"

"Iko, Papa. Mama Henriette, hapa Panda."

"Siku gani ataweza kutupokea?"

Sephora alijibu haraka.

"Kesho Jumapili, Papa. Nyuma ya misa."

"Tutakuya."

Akakata simu, akawaambia wateja warudi Jumatatu, akafunga karakana saa nne na nusu asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akashika njia ya nyumbani mbio, akiita "Mama!" angali mbali.