Viatu Vyako Viko Hapa

"Shangazi, yule anayekuja ni nani, na amebeba nini?"

Mwalimu aliuliza, akaacha kamba aliyokuwa anaikunja. Siku hiyo banda lao la kufundishia kayaki, vile vijitumbwi vyembamba vya kasia, lilikuwa limefungwa, hawakumtarajia mtu. Lakini kwenye njia ya kokoto alikuwa anashuka mwanamume mrefu, anasukuma toroli la kubebea unga, na juu ya toroli imelala kayaki mpya ya rangi ya chungwa. Jaketi la kuokolea alikuwa amelivaa, ila sehemu ya nyuma kaiweka mbele.

Shangazi, mwenye banda, alishusha miwani. "Huyo ama amepotea, ama amepatikana."

"Habari zenu," mgeni alisema akihema. "Mimi ni mwoka mikate, mtaa wa juu hapo. Nataka kuingia baharini."

"Lini?" Mwalimu aliuliza.

"Sasa hivi, kama maji yapo."

Shangazi alicheka mpaka akashika goti lake bovu.

"Maji yapo tangu zamani," Mwalimu alisema. "Asiyekuwepo ni wewe. Jaketi umeligeuza, na leo upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Unaona hapa ukingoni palivyotulia? Huo ndio mtego. Upepo huo unakusindikiza vizuri wakati wa kwenda. Kurudi, unakukatalia."

"Kumbe bahari ina hila."

"Haina hila, ina kanuni. Kwa nini unataka kujifunza?"

Mwoka mikate aliegemea toroli. "Nimezaliwa barabara mbili kutoka hapa, na bahari sijaijua kupita magoti. Kila siku unga, tanuri, unga, tanuri. Nimechoka kuisikilizia dirishani."

Mwalimu alimgeuzia jaketi likakaa sawa.

"Njoo kesho asubuhi. Somo la kwanza ni kupinduka."

"Mimi nimekuja kujifunza kutopinduka."

"Wote husema hivyo."

Alikuja kesho yake, na keshokutwa. Alikuwa anaoka usiku, anafika asubuhi nywele zina unga, anaingia kwenye maji ya kiunoni na kupinduliwa kama chapati.

"Ukipinduka usihangaike," Mwalimu alimwambia. "Sukuma ukingo wa tundu unalokalia, toka taratibu, shika kayaki. Usiiache hata ufuo ukiuona karibu. Kayaki inaonekana kwa mbali kuliko kichwa chako."

"Hujakiangalia vizuri kichwa changu," alisema huku akitema maji.

Shangazi, pale kwenye ngazi, alipiga paja. "Mwanangu, huyu mpe cheti leo."

Kwenye ngazi hiyo ya mawe ndiko viatu vilikokaa. Ndiyo ilikuwa desturi ya banda lao: kila anayetoka anavua viatu vyake pale, anamwambia mtu wa nchi kavu anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Mtu wa nchi kavu haondoki mpaka kila jozi ivaliwe na mwenyewe.

"Na viatu vyako kwa nini analinda Shangazi peke yake?" Mwoka mikate aliuliza siku moja.

Mwalimu alikausha kasia muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Nilikuwa na mchumba, mhandisi. Yeye ndiye alikuwa mtu wangu wa nchi kavu. Siku moja nilipinduka mbali, nikakaa nimeng'ang'ania kayaki mpaka boti fulani ikaniona kwa bahati. Niliporudi, viatu vilikuwa peke yao. Alitoka 'dakika tano tu' kumpokea rafiki. Pete nilimrudishia siku hiyohiyo, nikiwa bado pekupeku."

Mwoka mikate hakumpa pole. Alisema tu, "Dakika tano zina uzito wake."

Kisha, kama mtu aliyejipima na kujiona anatosha: "Mwalimu, naomba unifikirie. Si kama mwanafunzi."

"Siku nitakayorudi kutoka majini nikakukuta kwenye ngazi ile, nitakujibu."

"Hiyo ni ahadi?"

"Ni ahadi."

Siku ilijileta yenyewe. Jumamosi Mwalimu alikuwa na wanafunzi wawili, mume na mke, wote makarani wa benki, na Shangazi alikuwa ameitwa hospitali kwa ajili ya goti.

"Nitakaa mimi," Mwoka mikate alisema. Kapu la mikate lilikuwa mkononi. Saa nne na nusu hoteli kubwa ya mjini ilikuwa inaonja mikate yake, na wakiipenda wangemwagiza kila siku. Tanuri la pili alilotaka kununua lilitegemea asubuhi hiyo.

"Una hoteli."

"Nyinyi mnarudi saa tatu na nusu. Vua viatu."

Mwalimu alivivua. Akavipanga sambamba kwenye ngazi.

Kwenda kulikuwa kuzuri, makarani wakicheka na kugonganisha makasia. Kisha upepo ukageuka, mkali, ukitoka nchi kavu. Karani mume akachoka mabega. Mwalimu alifunga kamba kwenye kayaki ya karani, akamvuta mpaka nyuma ya mwamba uliowakinga, akatoa simu kwenye mfuko usioingiza maji, akamwandikia Mwoka mikate.

"Upepo umegeuka. Tupo nyuma ya mwamba, wazima wote. Nikinyamaza nusu saa, ita waokoaji."

Jibu likaja papo hapo. "Nimekuelewa. Naangalia mwamba."

Saa nne ikapita. Akaandika tena: "Tutachelewa. Nenda hotelini. Nimekuruhusu."

"Kanuni yako haina ruhusa," alijibu. "Viatu vyako viko hapa. Na mimi nipo."

Karani mke alimchungulia. "Mwalimu, unalia?"

"Ni maji ya chumvi. Kaa wima."

Upepo ulipolegea walirudi polepole, Mwalimu nyuma, akiwasogeza wanafunzi mbele. Hakuangalia ufuo. Aliangalia ncha ya kayaki yake tu, maana aliyewahi kukuta viatu peke yao haharakishi kuvikuta tena.

"Mkono wa kulia taratibu, kuna jiwe," sauti ikaita.

Alikuwepo. Aliingia majini mpaka magotini, akavuta kayaki za makarani, akawafunga mataulo, akawapa mkate kila mmoja. Walikula kama watu waliotoka vitani.

Mwalimu aliutazama mkate mkononi mwa karani, ulivyosukwa kwa ustadi. "Hii si mikate ya hoteli?"

"Ilikuwa."

Simu ya Mwoka mikate ikaita. Aliiweka sikioni, na Mwalimu alisikia kila neno.

"Mpishi mkuu bado yuko mlangoni. Ukifika ndani ya dakika tano ataionja mikate yako. Usipofika, tunampa mwenzako."

Kapu bado lilikuwa na mikate, gari la karani mume lilikuwa pale juu, na ufunguo tayari mkononi mwake. "Nikupeleke, kaka, twende."

Mwoka mikate aliangalia ngazi. Makarani walikuwa wamevaa viatu vyao. Jozi moja tu ilibaki, na mwenyewe alikuwa bado amesimama majini, ameshika kayaki nzito.

"Mpeni mwenzangu," alisema kwenye simu. "Nina mtu hajafika."

Akaikata, akaja kushika upande wa pili wa kayaki. Wakaipandisha pamoja.

"Nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwako," Mwalimu alisema. "Uliniona mzima."

"Nilikuona. Hukuwa umevaa viatu."

"Na tanuri la pili?"

"Unga bado upo, mikono ipo. Hoteli si hiyo peke yake."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi, akavaa kiatu kimoja, akasita.

"Na mimi nina deni la jibu," alisema. "Ndiyo. Shangazi akirudi nitamwambia mwenyewe, na ujue atakucheka mwaka mzima."

Tabasamu lilimpanda mpaka kwenye nywele zenye unga, lakini hakusogea.

"Vaa cha pili," alisema.

Akakivaa. Ndipo Mwoka mikate naye akakaa.