Kopo la Riyama

Darajani Jumamosi asubuhi hapatemeki mate. Kwenye duka la vyombo la Khatib lilikuwa limebaki kopo moja tu la bati, lile lenye kifuniko cha kukaza, na mikono miwili ikalishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa na hina iliyoanza kufifia. Wa pili ulikuwa na girisi mpaka kwenye kucha.

"Samahani, kaka, nimelishika mimi mwanzo."

"Wewe umeshika kifuniko," alisema mwenye girisi. "Kopo nimelishika mimi. Tugawane basi, chukua kifuniko chako."

Msichana akacheka, na kwa kicheko kile Matar alikwisha. Matar Silima huyu ni fundi wa mafriji na viyoyozi, mtu wa Chukwani, ana miaka thelathini na mbili, na mama yake alikuwa ameshachoka kumwonesha watoto wa watu. Leo kasimama na ovaroli lake la buluu, anamtazama binti wa baibui jeusi na mtandio wa zafarani, hata salamu kaisahau.

"La nini kwani?" akauliza.

"Siri yangu. Na wewe?"

"La skrubu. Siri yako inataka kopo?"

"Inataka kopo lisiloingia maji."

"Chukua. Lakini jina uniachie."

"Riyama," akasema, na nambari ya simu akaitaja mara moja tu, haraka haraka, kwa makusudi. Matar aliishika yote.

Zikaanza simu. Mie nakwambieni, simu zile zilikuwa ugonjwa.

"Uko wapi, zafarani wangu?"

"Nipo Bara, kazini. Jua la huku, Matar! Mifugo yote inahema."

"Mifugo gani hiyo inayotazamwa kuliko mimi?"

"Mifugo tu. Natafuta yupi anastahamili joto na yupi hastahamili, halafu naangalia karithi nini kwa wazee wake."

"Basi na mimi nipime. Usipopiga siku moja, homa inanipanda."

"Wewe unatengeneza mafriji. Jifungie humo upoe!"

Mifugo, kasema. Mifugo gani, hakusema, na mie simlaumu. Riyama ni mtaalamu wa vinasaba, na mradi uliomwajiri ulikuwa wa nguruwe. Kila mwezi alivuka bahari akakaa wiki nzima mashambani kwa wafugaji wa huko. Nguruwe hana jasho la kumpoza kama sisi. Joto likizidi huacha kula, jike huzaa vitoto vichache, na wengine hufa, mfugaji akabaki kashika kichwa. Lakini wapo wachache ambao saa nane mchana wanakula vizuri tu, na watoto wao vilevile. Riyama aliwapima joto la mwili, akahesabu pumzi zao, akang'oa nywele za masikioni akazisome maabara. Mwaka wa tatu sasa. Kwao Mkunazini aliyejua ni babu yake tu, Mzee Abrahman, kwani nani atakuja kuposa nyumba hiyo akilisikia jina la mnyama huyo?

Na posa ilikuwa njiani. Wazee walishapanga Ijumaa, na Bi Salhiya, mama yake Matar, akataka kwanza amwone mkwe kwa macho yake. Alhamisi akamwalika chakula cha mchana Chukwani.

Riyama alikwenda na begi lake la safari, maana jioni alikuwa na boti. Alipewa wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Akasifu, akala, na Bi Salhiya akamwita "mwanangu" mara tatu nzima. Adhuhuri Riyama akenda uwani kutia udhu. Huku nyuma simu ikalia ndani ya begi.

Bi Salhiya alikuwa na nia njema. Alitia mkono atoe simu ampelekee, mkono ukatoka na kopo lililofungwa kitambaa cheupe. Kopo zito. Nani asingefungua?

"Udongo! Yarabi, udongo wa kaburi! Matar! Mtoto huyu kaja kukuzika!"

Riyama aliingia na maji yanamtiririka usoni. Alimkuta bibi yule kashika kopo wazi, na Matar kasimama katikati.

"Sio wa kaburi, mama."

"Wa nini basi? Nani anatembea na udongo kwenye begi? Sema!"

Jibu alikuwa nalo. Udongo ule ulikuwa wa uwani kwa babu yake. Kwa madhehebu yetu, aliyeguswa na unyevu wa nguruwe hujiosha mara saba, moja kwa udongo safi, na kule mabandani udongo wote umeshachanganyika na samadi yao. Ndio maana akabeba wa kwao. Lakini kuueleza udongo ni kumtaja nguruwe, tena kwenye busati la chakula, mbele ya mwanamke aliyemlisha sasa hivi kwa mkono wake. Akajifuta uso kwa mtandio.

"Riyama, sema basi," Matar akamwomba.

"Nna kazi nao."

"Kazi gani?"

Akachukua begi akatoka, kopo akaliacha. Matar alimfuata mpaka barabarani, lakini hakumwita. Siku ile nlimchukia, wallahi. Ijumaa ikapita bila wazee, simu zikakatika, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze.

Mwezi wa pili tangu siku ile ukawa wa joto kali mno. Kukawa na mkutano wa wataalamu wa mifugo kwenye hoteli moja ya Shangani, na kiyoyozi cha ukumbini, si kikaharibika siku hiyohiyo! Fundi akaitwa mbio. Matar alikuwa juu ya ngazi mwisho wa ukumbi, bisibisi mkononi, aliposikia sauti anayoijua.

Ni yeye. Mtandio wa zafarani, suti ndefu nyeusi, ametoka kwenye boti moja kwa moja mpaka jukwaani.

"Nguruwe hawa hawana kiyoyozi," alianza, na ukumbi uliolowa jasho ukacheka. Akawaonesha picha na hesabu. Koo tatu za nguruwe weusi wa kienyeji, majike yanayozaa vizuri kwenye joto lile lile linalowaangusha wenzao, na sehemu ya vinasaba wanayorithishana. Watu wakawacha kujipepea, wakaandika.

Mwisho mzee mmoja wa kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, akainua mkono. "Mwanangu, kazi nzuri. Lakini wewe binti wa Kiislamu, mtoto wa Unguja. Unawashikaje?"

Riyama akatazama begi lake. Alikuwa amechoka kuficha. Akatoa kopo la plastiki la maziwa ya unga, akaliweka mezani.

"Navaa glavu, mzee wangu, lakini glavu huchanika. Basi najiosha mara saba, na moja kwa udongo huu, wa uwani kwa babu. Udongo wa kule si safi, nauchukua wetu. Lilikuwepo kopo zuri zaidi, lakini nlidhaniwa mchawi kwa sababu yake, na mie nikaona haya kusema kweli. Leo sioni haya tena."

Bisibisi ikaanguka kutoka juu, kwaa! Ukumbi mzima ukageuka.

"Ni mimi," Matar alisema juu ya ngazi, machozi yanamtoka waziwazi. "Mjinga mwenyewe ni mimi."

Kikaibuka kicheko na makofi, na yule mzee wa kofia, kumbe mkuu wa idara ya mifugo visiwani, akasimama. "Binti, ng'ombe wetu nao wanaumia na joto hili. Utatuongozea kazi hiyo. Na fundi, washa hicho kitu kwanza, halafu ushuke umwombe radhi!"

Aliomba radhi mlangoni, na girisi yake vilevile.

"Mbona hukunambia?"

"Mbona hukuniita?"

Matar akampigia mama yake papo hapo, sauti juu, akamweleza yote.

"Mtoto alikuwa anachunga twahara yake," Bi Salhiya akasema mwisho, sauti imevunjika, "na mie nimemfukuza nyumbani kwangu. Mwambie Ijumaa nakuja. Mwambie asiitikie posa nyengine."

Ijumaa wazee wakapanda ngazi za Mkunazini na barua ya posa. Bi Salhiya aliwapita wote, akamshika Riyama mkono, akamkabidhi kopo la bati lililofungwa kitambaa kipya. Zito.

"Nimeuchekecha mwenyewe mara tatu," alisema. "Wa uwani kwangu, hapapiti hata paka. Nisamehe, mwanangu. Na ukiisha usichukue tena wa kwa babu yako. Njoo uchote kwetu."

Riyama akamkumbatia na kopo lake mkononi, akalia kwa furaha, na Mzee Abrahman akaitikia posa kabla barua haijasomwa.